Opampu Inatoa Volti Nisizozitarajia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu saketi ndogo za opampu (IC, yaani chip, inayokuza tofauti ya volti kati ya maingizo yake mawili), za kwenye bredibodi na za kulehemu, zinazotumia LM358, LM741, TL072 na ndugu zao. Namba za pini ni za LM358, nusu ya kwanza: pini 1 ni tokeo, pini 2 ingizo hasi, pini 3 ingizo chanya, pini 8 umeme chanya na pini 4 graundi au umeme hasi. TL072 na MCP6002 zina mpangilio uleule. LM741 ina opampu moja tu ndani yake; tokeo lake ni pini 6 na umeme chanya huingilia pini 7.

Nimefuata mchoro. Hesabu inasema 3 V, mita inasoma 10.6 V. Nianzie wapi?

Anzia kwenye miguu ya IC yenyewe, si kwenye reli za bredibodi. Ncha nyeusi ya mita ikae graundi, nyekundu iguse chuma cha pini moja moja. Kwanza pini 8 na pini 4: umeme umefika, na ni ule unaoudhani? Bredibodi nyingi ndefu zina reli zilizokatika katikati, upande mmoja una 12 V na wa pili hauna kitu, na kwa macho huoni tofauti. Kama sensa ina betri yake na opampu ina pawa saplai yake, hakikisha graundi zimeunganishwa. Zisipoungana, namba unazosoma hazina maana yoyote na hakuna hesabu itakayozieleza.

Kisha pima pini 3, halafu pini 2. Hiki ndicho kipimo kinachookoa muda kuliko vyote, na ndicho wengi hukiruka. Opampu yenye mrejesho hasi, yaani tokeo lake linarudishwa kwenye ingizo hasi kupitia rezista au waya, ina kazi moja: kusogeza tokeo lake juu au chini mpaka ingizo hasi lifikie volti zilezile za ingizo chanya. Basi kama pini 2 na 3 ziko sawa, tofauti ikiwa milivolti chache tu, opampu yako ni nzima na inafanya inachotakiwa. Tatizo liko nje yake: rezista si zile unazodhani, ishara inayoingia si ile unayodhani, au hesabu ndiyo mbovu. Acha kubadilisha IC.

Kama haziko sawa, opampu imeshindwa kuzisawazisha. Nenda swali linalofuata.

Pini 2 na 3 hazilingani. Ndiyo kusema IC imekufa?

Si lazima. Tazama tokeo limeelekea wapi. Ingizo chanya likiwa juu ya hasi, tokeo linatakiwa lipande. Hasi likiwa juu, tokeo linatakiwa lishuke.

Kama tokeo limekwenda upande unaotakiwa na kugota huko, IC inatii. Ama mrejesho haufiki, ama unaidai volti ambazo haina. Kagua rezista ya mrejesho: imechomekwa tundu la jirani, au mguu wake haujashika lehemu? Bila mrejesho opampu hugeuka komparata: inalinganisha tu maingizo na kugota juu au chini. LM358 hukuza tofauti ya maingizo yake kiasi cha mara 100,000, kwa hiyo hata sehemu ya kumi ya milivolti inatosha kuigotesha. Kagua pia kama hukubadilisha pini 2 na 3. Mrejesho ukiingia pini 3, saketi iliyogota juu hubaki juu na iliyogota chini hubaki chini, na hapo mtu anaweza kuapa kwamba IC ni mbovu.

Kama tokeo limekwenda kinyume, mambo ni mengine. Umeme haujafika, tokeo lina shoti, IC imekufa kweli, au ingizo limetoka nje ya mipaka yake. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Kila opampu ina eneo la volti ambamo maingizo yake yanafanya kazi, na eneo hilo aghalabu ni dogo kuliko umeme inaolishwa. LM358 hufika chini hadi graundi, ila juu huishia kama 1.5 V kabla ya umeme chanya. TL072 ni kinyume chake: juu inafika, chini haifiki, na ingizo likisogelea umeme hasi tokeo laweza kugeuka ghafla na kuruka mpaka juu. Anayeilisha TL072 volti 9 za betri moja na kuweka ishara yake karibu na graundi anakutana na jambo hili siku ya kwanza.

Nimekuza ishara ya LM35 (sensa ya joto) kwa LM358 ili Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu) isome. Asubuhi inasoma sawa, mchana inang'ang'ania nyuzi 32. Joto haliwezi kuwa lilelile siku nzima!

Kweli haliwezi. Saketi hii imesambaa sana na ina mtego ndani yake.

LM35 hutoa 10 mV kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa rezista ya 100 kΩ ya mrejesho na ya 10 kΩ kwenda graundi, ukuzaji ni 1 + 100/10, yaani mara 11. Nyuzi 25 ni 0.25 V, tokeo linakuwa 2.75 V. Hapo raha tupu. Nyuzi 32 ni 0.32 V, na tokeo linatakiwa kuwa 3.52 V. Lakini LM358 hailetewi zaidi ya 5 V kutoka Arduino, na tokeo lake huishia takriban 1.5 V chini ya umeme wake. Dari yake ni kama 3.5 V. Dar es Salaam au Mombasa ya Februari, dari hiyo inafikiwa kabla ya adhuhuri, na kuanzia hapo namba haisogei hata ukiisogezea sensa pasi ya kulehemu.

Ukipima utaona ushahidi wenyewe: pini 3 ina 0.36 V, pini 2 imebaki 0.32 V, pini 1 ina 3.5 V. Ingizo chanya liko juu, tokeo limepanda mpaka lilipoweza. IC ni nzima.

Na kama Arduino inalishwa kwa waya wa USB mwembamba, ile 5 V yaweza kuwa 4.7 V. Dari inashuka hadi 3.2 V hivi, na usomaji unagota kwenye nyuzi 29. Ndiyo maana watu wawili wenye saketi ileile wanaweza kubishana kuhusu mahali inapogota, na wote wakawa wakweli.

Tiba ziko kadhaa. Lisha LM358 kwa 9 V au 12 V, lakini hapo tokeo laweza kupita 5 V na kuua pini ya Arduino, kwa hiyo mimi siipendi njia hii bila kinga. Punguza ukuzaji: 39 kΩ na 10 kΩ zinakupa mara 4.9, nyuzi 50 zinakuwa 2.45 V, na kwa kuwa Arduino Uno husoma kwa hatua za karibu 4.9 mV, bado unaona mabadiliko ya sehemu ya kumi ya nyuzi. Au tumia opampu inayofika karibu kabisa na ncha zote mbili za umeme wake, kama MCP6002.

Ukitaka ukweli wangu, kwa kazi hii opampu haihitajiki kabisa. Uno R3 ina volti rejea za ndani za 1.1 V (kipimo inacholinganishia inaposoma), ukizichagua kwenye programu, kila hatua inakuwa kama 1.1 mV, na LM35 inaingia moja kwa moja.

Basi nichomoe LM358 niweke TL072, si ndiyo bora zaidi?

Kwa sauti, mara nyingi ndiyo. Kwa 5 V, hapana. TL072 ilibuniwa kwa umeme mpana, kama ±15 V, na kwenye 5 V tokeo lake halina nafasi ya kusogea. LM741 ni hivyohivyo. Chip ya 741 ilitoka kwa Fairchild mwaka 1968, na karibu kila kitabu kinaifundishia kwa ±15 V. Ukiitia betri moja na graundi, usiilaumu.

MCP6002 inaingia kwenye soketi ileile ya LM358, ila umeme wake usizidi 6 V. Ukiichomeka kwenye saketi ya 12 V umeipoteza.

Nimejenga saketi ya kugeuza alama (chanya hutoka hasi), ukuzaji wa kutoa 10. Naingiza 0.2 V, natarajia volti 2, napata 0 V.

Saketi hiyo inataka kutoa −2 V. Kama pini 4 iko graundi, opampu haina pa kuzitoa volti zilizo chini ya graundi, hivyo inashuka mpaka chini na kukaa hapo. Unahitaji umeme wa pande mbili (betri mbili za 9 V, graundi ikichukuliwa zinapoungana), au unyanyue saketi nzima ikae katikati ya umeme.

Kwa ishara ya sauti, njia ya pili ndiyo rahisi. Rezista mbili za 100 kΩ kutoka 12 V hadi graundi zinakupa 6 V katikati. Weka kapasita ya 10 µF kutoka hapo kwenda graundi ili zitulie, na uipeleke kwenye pini 3. Ishara iingie kupitia kapasita na itoke kupitia kapasita. Ikipimwa bila ishara, pini 1 isome karibu 6 V.

Nimeweka 6 V za katikati kwenye ingizo chanya, lakini tokeo limegota juu hata bila ishara.

Bila shaka saketi yako ni ile isiyogeuza alama, na rezista ya kutoka pini 2 inakwenda graundi moja kwa moja. Basi hata zile 6 V zinakuzwa. Kwa ukuzaji wa mara 11 umeiomba opampu 66 V. Tia kapasita kati ya rezista hiyo na graundi. Sauti itaendelea kukuzwa mara 11, lakini volti za kutulia zitakuzwa mara 1 tu. Kwa 10 kΩ, kapasita ya 10 µF inapitisha kuanzia kama 1.6 Hz, inatosha kwa sauti yoyote. Mguu chanya wa kapasita uelekee pini 2.

LM358 yangu haishuki chini ya 0.6 au 0.7 V, ingawa datashiti inasema inafika karibu na graundi.

Inafika, kama hakuna anayeisukumia mkondo. Karibu na graundi LM358 huweza kumeza mikroampea 50 hivi tu. Kama mzigo wako, au rezista ya mrejesho, unaingiza mkondo mkubwa zaidi ya huo kwenye pini 1, transista ya chini lazima isaidie, nayo inahitaji karibu 0.7 V ili ifunguke. Badilisha rezista ziwe kubwa zaidi ili mkondo upungue, au weka rezista ya kilo-ohmu chache kutoka pini 1 kwenda graundi iubebe mkondo huo.

Nimeunganisha ingizo na graundi kabisa. Kwa nini tokeo lina 0.3 V?

Huo ni ofseti. Hakuna opampu ambayo maingizo yake mawili yanafanana kikamilifu. Kuna tofauti ndogo ya kuzaliwa nayo, na saketi huikuza kama ishara nyingine yoyote. LM358 ya kawaida inaruhusiwa tofauti hadi 7 mV. Kwa ukuzaji wa mara 101 hiyo ni 0.7 V kwa ile mbaya kabisa, kwa hiyo 0.3 V si ugonjwa.

Kama unakuza milivolti za kweli, za thermokapo au za mizani ya kupimia uzito, badilisha opampu. OP07 ina ofseti ya makumi ya mikrovolti: kiwango cha juu ni 75 µV kwa daraja zuri na 150 µV kwa lile la bei nafuu. LM741 ina pini 1 na 5 za kurekebishia ofseti kwa potenshiometa ya 10 kΩ, ambayo mguu wake wa kati huenda umeme hasi. Inasaidia, ila joto likibadilika ofseti nayo inahama, na utakuwa mtumwa wa bisibisi.

Chanzo cha pili ni mkondo mdogo unaopita kwenye miguu ya kuingilia. Kwa LM741 ni kama nanoampea 80. Upitishe kwenye rezista ya 1 MΩ, umepata 80 mV ambazo hukuzialika. Ukiwa na rezista kubwa kiasi hicho, tumia opampu zenye maingizo ya FET kama TL072 kwenye umeme mpana, au MCP6002 kwenye 5 V. Mkondo wao hupimwa kwa pikoampea.

Tokeo linapanda polepole lenyewe mpaka linagota.

Ingizo linaelea. Umeweka kapasita kabla ya pini 3 na hukuupa mkondo ule mdogo njia ya kupitia, basi unaijaza kapasita kidogokidogo. Kwa LM358 mkondo hutoka kwenye mguu, kwa hiyo ingizo hupanda. Kwa LM741 huingia, na ingizo hushuka. Rezista ya 100 kΩ kutoka pini 3 kwenda graundi, au kwenda katikati ya umeme kama ndipo saketi inapokaa, inamaliza tatizo.

Nikisogeza mkono volti zinabadilika. Nikigusa kwa ncha ya mita zinabadilika tena.

Hapa kuna mambo mawili tofauti, na mita peke yake haiwezi kukuambia ni lipi. Osiloskopu ingesaidia sana, hata ile ndogo ya bei ya chini.

La kwanza ni mngurumo wa umeme wa nyumbani, 50 Hz, unaopenya kupitia waya mrefu wa ingizo na rezista kubwa. Fupisha waya, tumia waya wenye kinga, punguza ukubwa wa rezista.

La pili, saketi inatetema yenyewe kwa frikwensi ya juu, na mita iliyowekwa kwenye DC inasoma wastani wa mtetemo huo: namba nzuri tu, imetulia, lakini si kweli. Dalili ni IC kupata joto bila mzigo, au namba kuruka ukigusa pini 2. Weka kapasita ya 100 nF kutoka pini 8 hadi pini 4, karibu kabisa na IC, si mwisho wa bredibodi. Kama tokeo linaendesha waya mrefu, weka rezista ya 47 hadi 100 Ω kati ya pini 1 na waya huo. Kila mita ya waya wenye kinga hubeba karibu 100 pF, na opampu nyingi hazipendi kubeba kapasita moja kwa moja.

LM35 yenyewe ina ugonjwa huohuo. Inavumilia kama 50 pF tu kwenye tokeo lake, kwa hiyo sensa iliyopelekwa mbali kwa waya inaweza kutetema, na mtu akakesha akichunguza opampu isiyo na hatia. Rezista ya 2 kΩ kwenye mguu wa tokeo la LM35, upande wa sensa, inaitenga na waya.

Kuhusu ncha ya mita: mita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa 10 MΩ, na osiloskopu 1 MΩ ikiwa ncha yake iko kwenye ×1. Kwenye sehemu yenye rezista za 1 MΩ, kupima tu ni kubadilisha saketi. Pima pini 1. Tokeo halitikiswi na mita.

Nilitarajia mara 11, napata 10.3. Nihangaike?

Angalia mstari wa mwisho wa rezista. Dhahabu maana yake ni asilimia 5 juu au chini, na zote mbili zikikosea pande tofauti, ukuzaji wa mara 11 waweza kuwa kuanzia 10.05 hadi 12.05. Zipime kwa mita zikiwa nje ya saketi, halafu piga hesabu upya. Usisome rangi usiku chini ya taa ya manjano: kahawia, nyekundu na chungwa hufanana, na 1 kΩ ikawa 10 kΩ.

Kwa saketi ya kugeuza alama kuna sababu nyingine. Chanzo chako kinaiona rezista ya ingizo kama mzigo. Ukichukua ishara katikati ya potenshiometa ya 10 kΩ na kuipeleka kwenye rezista ya 10 kΩ, potenshiometa yenyewe inaongeza hadi 2.5 kΩ, na ukuzaji unashuka kwa asilimia 20. Weka opampu ya nusu ya pili kama bafa katikati, yaani tokeo limeungwa na ingizo hasi ili ipitishe volti zilezile bila kukielemea chanzo.

Sauti ya chini inatoka sawa, ya juu inatoka ndogo na umbo la pembetatu.

Ikiwa ndogo tu, umeishiwa frikwensi: LM741 ina 1 MHz ya kugawanya kwa ukuzaji wake, basi ukuzaji wa mara 100 unaiacha na 10 kHz. Ikiwa pembetatu, umeishiwa kasi: tokeo lake husogea 0.5 V kwa mikrosekunde, na kwa wimbi lenye kilele cha 10 V linafika kama 8 kHz na kukoma. TL072 ina kasi ya takriban 13 V kwa mikrosekunde.

Nikiunganisha spika volti zinaanguka.

Opampu hizi hutoa milliampea 20 hadi 40 hivi, basi. Volti moja kwenye spika ya 8 Ω inataka 125. Tumia LM386, IC ya kuendeshea spika, au transista mbili mbele ya tokeo.

Nusu ya pili ya IC siitumii. Niiache?

Usiache ikielea, inaweza kutetema na kuisumbua jirani yake. Unga pini 7 na pini 6, na pini 5 uipeleke kwenye volti za katikati ya umeme.

Nitajuaje kwamba IC ni mbovu au feki?

Itoe kwenye saketi yako na uijengee kipimo kitupu: umeme wa 12 V, kapasita ya 100 nF, pini 1 imeungwa na pini 2, na pini 3 inapata volti kutoka potenshiometa ya 10 kΩ. Tokeo lifuate ingizo, tofauti isizidi milivolti chache. Jaribu 1 V, 5 V na 9 V. Volti moja tu haitoshi, kwa sababu IC iliyokufa nusu inaweza kukaa kwa bahati karibu na namba unayoitaka.

Kuhusu feki, LM358 ni rahisi mno kiasi kwamba mtu hapati faida kubwa kuighushi. Zinazoghushiwa ni za bei: IC ya kawaida hufutwa maandishi ikapigwa jina la OP07 au NE5532. Ukinunua OP07 Kariakoo au Luthuli Avenue na huna uhakika nayo, ijengee ukuzaji wa mara 1001 kwa 10 kΩ na 10 Ω, umeme wa pande mbili, ingizo chanya kwenye graundi. OP07 ya kweli, hata ya daraja la nafuu, haitapita 0.15 V. Ikikuonyesha volti mbili au tatu, umeuziwa 741 yenye jina jipya, na risiti ikiwepo irudishe leo.